Jina Lililoangusha Kichunguzi

Habari za sura hii nilipewa na mjukuu wangu mwenyewe, binti wa mwanangu wa kati, Jumapili ile aliyokuja kunikata kucha za miguu. Alikaa kwenye kigoda, mguu wangu uko mapajani mwake, na kila alipofika kwenye mambo ya kompyuta nilimwambia, simama hapo, rudia. Akarudia. Kucha za mguu mmoja zilichukua asubuhi nzima. Niliyoelewa ndiyo haya ninayoandika, na nisiyoelewa nimemwachia mwenyewe.

Kazini kwao wanamwita Tochi, kwa kuwa akianza kutafuta kitu haachi kona. Nami nitamwita hivyo.

Asubuhi ile Tochi aliingia kwenye kituo cha simu za dharura akakuta watu wamesimama. Hilo peke yake lilimtia shaka, maana pale watu hukaa. Ni ukumbi wa meza na hedifoni: simu inaingia, mtu anasema moto, au ajali, au uchungu umeshika, na mpokeaji anatuma gari. Yote hayo hupita kwenye mashine kuu moja iliyofungiwa chumba cha baridi, nyuma ya kioo. Alfajiri hiyo mashine ilikuwa imeganda. Haikuzimika. Taa ziliwaka, feni zilizunguka, ila simu haziingii, na wapokeaji wakabaki na hedifoni masikioni wakisikiliza hewa. Mama mmoja alijifungulia kwenye ngazi za nyumba yao wakati gari la kumchukua limeegeshwa uani kituoni, dereva anakunywa chai. Mama mzima, mtoto mzima. Lakini ilikuwa bahati, na kila aliyesimama pale alijua ni bahati.

Msimamizi alimdaka mlangoni. Ni mama wa makamo, msafi, anayependa kila kitu kiwe na mtu wa kukijibia.

"Nimeshampata," akasema, hata salamu bado.

"Nani, mama?"

"Kimya."

Kimya ni fundi wa zamu ya usiku. Walimwita hivyo kwa sababu ukimsalimu anakujibu neno moja, na hilo moja lenyewe kama amekukopesha.

Msimamizi akamvuta Tochi mpaka kwenye skrini. "Angalia mwenyewe."

Hapa Tochi alinieleza kitu. Mashine ikiganda, kabla ya kuiwasha upya huwa wanaipiga picha ya kichwa, yaani wananakili kila kilichokuwa akilini mwake dakika ile. Halafu kuna programu inaitwa kichunguzi. Kichunguzi kinaingia ndani ya ile picha, kinasoma majina ya kazi zote zilizokuwa zinaendeshwa, na kwa kila kazi kinauliza: wewe ulikuwa unafanya nini? Ndiyo upelelezi wao ulivyo. Maiti haihojiwi, lakini mashine iliyoganda inahojiwa.

Sasa kichunguzi chenyewe kilikuwa kinaanguka.

"Kinakwenda vizuri," Msimamizi akasema, kidole kwenye skrini. "Kinasoma jina, kinasoma jina. Kikifika hapa, puu. Kinakufa. Tumekiendesha tangu alfajiri, kinafia hapa hapa. Kazi inaitwa kengele. Na imeandikwa jina la nani?"

Tochi akasoma. "La Kimya."

"Basi. Ametega. Ukitaka kuchungulia alichofanya, unapigwa rungu."

"Labda."

"Labda ya nini? Na usiku kiti chake kilikuwa kitupu. Katoka, karudi, katoka tena. Mtu wa zamu ya usiku anatoka hivyo kwenda wapi?"

"Umeona kwenye kamera?"

"Kamera iliwekwa ya nini, mwanangu?" Msimamizi akakunja mikono. "Makao makuu wanataka jibu saa kumi alasiri. Ikifika hakuna jibu jingine, kadi yake ya mlango inafutwa na polisi wa mitandao wanakuja kumchukua. Mimi ningemaliza sasa hivi. Wao ndio wamesema wewe uangalie kwanza."

Tochi alijua maana yake. Fundi akishatajwa kwamba ameigandisha mashine ya dharura, hata duka la kuuza chaja halimwajiri. Na yeye mwenyewe, nilipomuuliza, alikiri kwamba dakika ile alimshuku Kimya. Jina lilikuwa lake. Saa ilikuwa ya zamu yake. Na kichunguzi, ambacho hakina ugomvi na mtu, kilikuwa kinamnyooshea kidole.

Walikuwa wamemweka kwenye stoo, kati ya maboksi ya nyaya. Alikuwa amekesha, na zamu ilipokwisha hawakumruhusu kwenda nyumbani. Macho mekundu. Kadi yake ya mlango ilikuwa imeshachukuliwa, akawa anashika shika kifua pale ilipokuwa inaning'inia.

"Habari za asubuhi, kaka."

"Nzuri."

"Nzuri kweli?"

"Hapana."

Tochi akavuta boksi akakaa. "Kazi inaitwa kengele. Ni yako?"

"Siijui."

"Ina jina lako."

"Nimeambiwa."

"Nani mwingine ana nywila yako?"

"Sijampa mtu."

"Usiku ulitoka ukumbini?"

"Nilitoka."

"Kwenda wapi?"

"Chini."

"Chini kuna nini?"

Kimya akaangalia viatu vyake. Tochi naye akaviangalia. Pindo la suruali lilikuwa na alama ya maji yaliyokauka, mguu mmoja tu, wa kushoto. Mvua haikuwa imenyesha.

"Ukinyamaza, watu wanajaza wenyewe," Tochi akasema.

"Nikisema nitaambiwa namsingizia mtu."

"Mtu gani?"

"Umeona."

Basi, hakupata zaidi. Alitoka pale shaka imeongezeka badala ya kupungua. Mtu mwenye jibu jepesi hulitoa. Huyu alikuwa amelikalia.

Alikwenda kwenye chumba cha baridi. Hakuitwa kule na mtu, mashine ilikuwa imeshawashwa na inafanya kazi, ila ndiyo tabia yake niliyowaambia. Akaizunguka mashine kuu mpaka nyuma, palipo na nafasi ya mtu mmoja kupita kwa ubavu. Tone likamwangukia shingoni.

Akainua uso. Kiyoyozi kilikuwa kinavuja. Sio sana, tone, halafu kimya, halafu tone. Chini yake pamewekwa ndoo, imejaa karibu na mdomo, na pembeni ya ndoo sakafu ilikuwa na miviringo mingi ya zamani, mmoja umepanda juu ya mwingine, kama alama za vikombe kwenye meza ya mtu mvivu. Ndoo hiyo ilikuwa imenyanyuliwa na kurudishwa mara nyingi. Chumba kile hakina bomba wala sinki. Sinki liko chini, kwenye ngazi za uani.

Akasimama akifikiri. Maji yale yakimwagika, yanakwenda moja kwa moja kwenye nyaya za mashine ya dharura.

Halafu akatazama ukutani, kwenye kioo, mahali kamera inapokaa kuangalia ukumbi. Kamera ilikuwepo. Ilikuwa imevalishwa mfuko wa plastiki na kufungwa kwa gundi ya karatasi, maana ukuta ule nao ulikuwa umelowa. Gundi ilikuwa imeshaingia vumbi. Haikufungwa jana wala juzi.

Tochi aliuvuta mfuko kidogo akaurudisha. Kamera haikuwa na hata taa.

Kwa hiyo Msimamizi alijuaje kwamba kiti kilikuwa kitupu?

Hakumuuliza. Alifunga mlango taratibu akarudi kwenye meza yake. Mtu akishasema jambo ambalo hakuliona, akaniambia Tochi, usimuulize mara moja, utampa nafasi ya kulitafutia macho.

Akakaa na kichunguzi. Akakiendesha, kikaanguka penye kengele. Safari ya pili akakiambia kisihoji kengele yote, kihoji kipande kipande. Unaitwa nani? Ikajibu: kengele. Ulianzishwa kwa jina la nani? La Kimya. Uko katika hali gani? Ikajibu: nimekufa. Rundo lako liko wapi? Kichunguzi kikaanguka.

Tochi akaegemea kiti. Mtego uliotegwa kuficha mtu unajibuje maswali yote, jina, mwenyewe, hali, halafu unakataa moja tu?

Nilimsimamisha hapo. Rundo la nini?

Akasema, bibi, umekwenda chumbani kutafuta kisu. Njiani ukakumbuka maji yanachemka, ukarudi kuyaepua, ukakuta hakuna kitambaa, ukaenda kutafuta kitambaa. Sasa kichwani mwako kitambaa kiko juu, chini yake maji, chini yake kisu. Ukipata kitambaa unarudi kwenye maji, ukimaliza maji unarudi kwenye kisu. Nikamwambia mimi kwenye kisu sirudi, nimeshasahau. Akacheka akasema mashine haisahau kwa sababu kila kazi ina rundo lake la namna hiyo, na ukilisoma rundo unajua kazi ilikuwa wapi, ilitokea wapi, inarudi wapi. Ndilo kichunguzi kinalolitaka kuliko vyote.

Akatazama sasa namba inayoonyesha rundo la kengele linakaa wapi. Ilikuwa sifuri. Sio mahali palipofungwa, sio mahali palipofichwa. Hakuna mahali. Na kichunguzi kilikuwa kinakwenda hapo hapo kusoma, bila kuangalia, kama mtu anayeshuka gizani akadhani imebaki ngazi moja, akakanyaga hewa.

"Umefikia wapi?" Msimamizi alikuwa nyuma yake. Hakuwa amemsikia akija.

"Nimefika kwenye ngazi isiyokuwepo."

"Achana na hicho kichombo. Kimezeeka, hakisemi kitu. Andika tu kwamba kimeharibiwa, ieleweke."

"Kimeharibiwa na nani, mama?"

"Mwanangu, usinipeleke mbio. Umesoma jina mwenyewe." Akaondoka, visigino vyake vinasikika mpaka mwisho wa ukumbi, halafu vikasimama. Hakufungua mlango wa ofisi yake. Tochi alisikia amesimama tu.

Mchana uliingia. Tochi akafikiri hivi: kama huu ni mtego wa Kimya, basi uko kwenye mashine aliyoigusa Kimya. Chini ya meza yake kulikuwa na mashine ndogo ya mazoezi, ambayo fundi wa usiku hajawahi hata kuiwekea kikombe. Akaiwasha. Akatunga kazi mbili za uongo, mzazi na mtoto.

Hili nalo lilinichukua muda. Ndani ya mashine, kazi moja huanzisha nyingine, na wao wanaita hivyo hivyo, mzazi na mtoto. Mtoto akimaliza kazi yake anakufa, lakini jina lake linabaki kwenye orodha mpaka mzazi aje kuuliza: mwanangu ameishaje? Akishauliza, jina linafutwa, wanasema amezikwa. Mzazi asipouliza, mtoto anabaki hivyo, amekufa na hajazikwa. Nikamwambia waliotunga hayo walikuwa na jambo moyoni. Akasema labda, bibi, inua kidole.

Basi akatunga mtoto anayekufa mara moja, na mzazi asiyeuliza. Akapiga picha ya mashine ya mazoezi. Akaleta kichunguzi.

Kikaanguka. Puu, vile vile.

Pale Tochi alijua kwamba rungu si la Kimya. Kichunguzi kilikuwa kinaanguka kwa maiti yeyote ambaye hajazikwa. Lakini hakushangilia, kwa sababu fundi mjanja angeweza kulijua shimo hilo na kumlaza maiti wake hapo kwa makusudi. Na tena, mbona zamani hakikuanguka?

Akampigia simu aliyekitunga. Ni fundi mstaafu, alifanya kazi kituoni hapo kabla nywele hazijamwisha. Simu iliita sana, halafu sauti ikatoka kubwa, yenye mwangwi, kama mtu anaongea toka kaburini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sema haraka, niko ndani ya tangi."

"Tangi la nini?"

"La maji, juu ya paa. Nalisugua. Shemeji yako kanifungia humu mpaka ling'ae."

"Mzee, kichunguzi chako kinaanguka kikikuta kazi iliyokufa haijazikwa. Kinakwenda kusoma rundo, na rundo halipo."

"Halipo vipi? Rundo lazima liwepo."

"Namba ni sifuri."

Kukawa na kusugua kidogo, halafu kusugua kukakoma. "Mmebadilisha kiini?"

Kiini ni ile programu iliyo chini ya programu zote, inayoishika mashine yenyewe.

"Majuzi. Tumeweka kipya kwenye mashine zote."

"Ndiyo hivyo. Siku zangu maiti alikaa na mizigo yake mpaka azikwe. Jina lipo, rundo lipo. Ukiliona jina, nenda kalisome rundo, huna haja ya kupiga hodi. Hicho kipya kinabana nafasi. Mtu akikata roho tu, wanachukua mizigo papo hapo, jina wanaliacha. Mimi sikuweka hodi, kwa sababu hapakuwa na mlango."

"Na mtu angeweza kujua hili akalitumia?"

"Angeweza kama angekuwa mimi. Na mimi niko ndani ya tangi."

"Asante mzee."

"Weka hodi. Na ukimkuta aliye hai, lishike rundo kwanza lisinyang'anywe wakati unasoma, ukimaliza liachie. Aliyekufa bila rundo, mwandike hana rundo, pita. Usimpigie magoti." Halafu akasema kando, si kwenye simu, "Naja, mama, bado kona moja."

Kurekebisha kwenyewe, Tochi akaniambia, hakukuzidi mistari inayoweza kuenea kwenye kiganja. Kabla ya kusoma rundo, uliza kama lipo. Kama lipo, shika, soma, achia. Kama halipo, andika "hana rundo" na uende kwa jirani. Akakiendesha kwanza kwenye mashine ya mazoezi. Kikafika kwa yule mtoto wa uongo, kikaandika hana rundo, kikapita kimesimama wima.

Halafu akakiingiza kwenye picha ya alfajiri.

Jina, jina, jina. Kikafika kengele. Hana rundo. Kikapita.

Jina lililofuata lilikuwa kengele. Hana rundo.

Lililofuata, kengele. Hana rundo. Kengele, hana rundo. Skrini ikajaa, ikapanda, ikajaa tena. Tochi aliondoa mkono kwenye kibodi. Asubuhi nzima walikuwa wameangalia maiti mmoja, kwa sababu kichunguzi kilianguka kwa wa kwanza na hakikuwahi kuwafikia wenzake. Kumbe chumba kizima kilikuwa maiti. Orodha ya mashine ilikuwa imejaa majina ya waliokufa mpaka pakakosekana nafasi ya kuandika jina la aliye hai. Simu ikiingia, inahitaji kazi mpya ya kuipokea, kazi mpya inahitaji jina, na jina halina pa kukaa. Ndivyo mashine ilivyoganda. Hakuna aliyeipiga. Ilijazwa.

Wote walikuwa na jina la Kimya. Na wote walikuwa na mzazi mmoja.

Mzazi yule alikuwa hai. Aliitwa mlezi. Tochi akamuuliza rundo lake, naye alikuwa nalo, zima: amelala, anangoja saa imwamshe, akiamka anaanzisha kengele nyingine kwa jina la Kimya, halafu analala tena. Mahali pa kuuliza mwanangu ameishaje, hapakuwa na kitu. Akaifungua kengele yenyewe aone kazi yake ni nini. Ilikuwa inaingia kwenye kompyuta ya Kimya, inaangalia kama kibodi imeguswa, inapeleka habari, inakufa.

Akauliza la mwisho. Mlezi ulianzishwa na nani?

Akalisoma jibu. Akazima sauti ya simu yake, akainuka, akaenda kugonga ofisi ya Msimamizi.

"Karibu. Umemaliza?" Msimamizi alikuwa na simu ya mezani mbele yake, ameigeuza imwelekee.

"Karibu namaliza. Nina swali dogo tu, mama. Kiti cha Kimya kilikuwa kitupu usiku. Ulijuaje?"

"Nimekwambia, kamera."

"Hapana, hukuniambia. Uliniuliza kamera iliwekwa ya nini."

"Sasa tofauti yake?"

"Kamera imevaa mfuko. Umefungwa na gundi, gundi ina vumbi."

Msimamizi akaisogeza simu kidogo, kama iliyokuwa imekaa vibaya.

"Mlezi ni wako," Tochi akasema. "Umeuanzisha kwa akaunti yako. Watoto umewapa jina la Kimya, maana akaunti ya msimamizi haiulizwi nywila ya mtu."

"Huwezi kuiona skrini ya mtu mpaka uingie kwa jina lake." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeeleza ratiba. "Nilitaka kujua kama analala. Basi. Kijana hasemi, halalamiki, haombi ruhusa. Anatoka na kurudi. Nikasema huyu ana jambo."

"Aliwahi kukwambia kiyoyozi kinavuja?"

"Aliniambia."

"Ukasemaje?"

"Nikasema nitaita fundi."

"Mama, alikuwa anabeba maji. Ndoo ikijaa anaishusha chini, anaimwaga, anairudisha. Asingefanya hivyo mashine ingeungua kabla hata ya kuganda. Leo asubuhi nilimuuliza alikwenda wapi, akakataa kusema, asionekane anakusingizia wewe."

Msimamizi akageukia dirishani. Nje kulikuwa na gari la wagonjwa linaoshwa.

"Sikutega," akasema. "Sikujua hata kwamba kile kichunguzi kinaweza kuanguka. Nilipokiona kimeanguka penye kengele nikajua ni yangu. Niliogopa."

"Ukafanya nini?"

"Nikaona heri kiendelee kuanguka."

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi. Msimamizi akanyanyua mkonga wa simu, akauweka juu ya bega, hakubonyeza. "Nitawaambia ni hitilafu ya mashine. Imetengenezwa, imekwisha. Kimya anarudishiwa kadi, hakuna aliyeumia. Wewe unasemaje?"

"Hitilafu ina mzazi, mama. Wakituma mtu wao kesho akiendesha kichunguzi, hakianguki tena. Kitasoma mpaka mwisho."

"Unanitisha?"

"Hapana. Nakwambia kimetengenezwa."

Msimamizi akabonyeza namba. Tochi hakukaa wala hakutoka. Alisimama pale pale na mgongo kwenye mlango mpaka aliposikia jina la Kimya na jina la Msimamizi mwenyewe yametajwa katika sentensi moja, na neno "mimi" katikati. Halafu akanyoosha mkono. Msimamizi, bado anaongea na simu, akafungua mtoto wa meza akampa ile kadi ya mlango.

Kimya alikuwa amelala kati ya maboksi, viatu kavifanya mto. Tochi aliita, kaka. Akafungua jicho moja.

"Wamekuja?"

"Hawaji. Umesafishwa."

"Nani kasema?"

"Mwenyewe. Nimesikia kwa masikio yangu." Akamwekea kadi mkononi. Kimya akaifunga kiganja, hakuiangalia.

"Saa ngapi?"

"Kumi imepita. Nenda nyumbani ukalale."

"Ndoo itakuwa imejaa."

"Nitaishusha mimi."

Kimya akalifungua na jicho la pili, akamtazama kama anampima mikono. "Usiishike kwa mpini. Mpini upande wa kushoto umelegea, ukifika ngazi ya kwanza inalalia, inakumwagikia mguuni. Weka mkono chini, kwenye kitako, mwingine kwenye mdomo. Ukifika kwenye kona ya uani pita ukutani, pale katikati kigae kimebonyea."

Ndiyo maneno mengi kuliko yote Tochi aliyowahi kuyasikia kwake. Akasema sawa. Akaenda, akaikumbatia ndoo alivyoelekezwa, akaishusha, akaimwaga, akapita ukutani, na bado mguu wake mmoja ulilowa. Aliporudi stoo kumuuliza kama kuna ndoo nyingine mahali popote, nzima zaidi, Kimya alikuwa ameshageukia ukutani, kadi iko chini ya shavu, anakoroma taratibu.